Nitajuaje Kama Nasonga Mbele? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kujipima Bila Kujilinganisha

Barua za toleo hili zinazunguka jambo moja: mtu apimeje mafanikio yake bila kuchungulia ya mwenzake. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Swali: Nina miaka 34. Wenzangu niliomaliza nao shule wameshajenga, wengine wana vyeo, mmoja ameajiri watu. Mimi nina kazi, madeni yangu si ya kutisha, ila kila tukikutana narudi nyumbani nikiwa mnyonge. Naambiwa "usijilinganishe na watu". Sawa, lakini nisipojilinganisha nitajuaje kama nimefanikiwa au nimebaki nyuma?

Jibu: Dada, swali lako limeuona upungufu wa ushauri uliopewa. "Usijilinganishe" ni katazo tu, halimwambii mtu ashike nini badala yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika kwamba binadamu ana hamu ya kujua amefikia wapi, na asipokuwa na kipimo cha kushikika humgeuza mwenzake kuwa kipimo. Kwa hiyo unyonge unaorudi nao nyumbani si lazima uwe wivu. Ulikwenda pale huna kipimo chako, ukaazima cha kwao. Anza kutengeneza chako; vita ya kujikataza kulinganisha iache kwanza.

Chukua karatasi uandike maeneo ya maisha unayotaka yasogee. Yasizidi manne. Kila eneo lipite maswali mawili. La kwanza: kama hakuna mtu hata mmoja angejua kwamba nimelipata, bado ningelitaka? La pili: kazi ya kila wiki inayolileta jambo hili, niko tayari kuifanya? Swali la pili ndilo linalochuja zaidi. Wengi wanataka kuwa na biashara lakini hawataki kukaa na hesabu za biashara kila jioni, na hilo ni jibu halali kabisa. Lifute, usilibebe miaka kumi kama deni.

Kwa kila eneo lililobaki, weka vipimo viwili: kimoja cha matokeo, kimoja cha juhudi. Tuchukue fedha, maana ndiko watu wanakoumizana sana. Kipimo cha matokeo kiwe hiki: akiba yako, toa madeni yako, kisha gawanya kwa matumizi ya mwezi mmoja. Jibu ni idadi ya miezi unayoweza kuishi bila kipato. Tuseme matumizi ya mwezi ni 100, akiba 150, deni 60. Inabaki 90; gawanya kwa 100 unapata miezi 0.9, yaani siku 27 hivi. Baada ya miezi mitatu akiba imefika 170 na deni limeshuka hadi 20: sasa ni miezi 1.5, siku 45. Hapo umesonga, na hakuna aliyeona. Kumbuka pia kwamba nyumba ya mwenzako haionyeshi namba hii. Anaweza kuwa ameijenga kwa mkopo na hesabu yake ikawa hasi, anaweza pia kuwa na akiba ya miaka mitatu. Ukutani huwezi kuisoma.

Kipimo cha juhudi kwa eneo hilohilo: kati ya malipo uliyopokea, ni mara ngapi ulitenga akiba kabla ya kuanza kutumia? Nne kati ya nne, au mbili kati ya nne? Matokeo yanaweza kuvurugwa na ugonjwa au kodi kupanda. Juhudi iko mikononi mwako. Ukiona juhudi ni kamili na matokeo hayaendi, njia ndiyo yenye kasoro, uibadilishe. Ukiona juhudi ni moja kati ya nne, usiilaumu njia, maana bado hujaijaribu.

Kabla ya kubadilisha chochote, rekodi wiki mbili za maisha yako kama yalivyo. Kwa fedha chukua mwezi mzima, kwa sababu matumizi ya wiki ya malipo si ya wiki ya mwisho. Hiki ndicho kianzio chako, nacho kiandikwe na tarehe. Watu huruka hatua hii wakidhani watakumbuka walikotoka. Hawakumbuki. Wanasaikolojia Anne Wilson na Michael Ross walionyesha katika tafiti walizochapisha mwaka 2001 kwamba watu huelekea kumshusha yule waliyekuwa zamani kuliko anavyostahili, ili wa leo aonekane amepanda. 

Ratiba ya kusoma vipimo ni muhimu sawa na vipimo vyenyewe. Juhudi isome mara moja kwa wiki, dakika kumi zinatosha. Matokeo ya fedha yasome kila mwezi, siku ileile ya mwezi. Ujuzi usome kila baada ya wiki 12, kwa mtihani usiobadilika: kwa mfano, andika ripoti yenye urefu uleule, lugha ileile, saa mkononi, kisha hesabu makosa. Katika zile dakika kumi za wiki ongeza mstari mmoja wa maneno: "kilichosogea wiki hii". Usiudharau. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua karibu maingizo 12,000 ya shajara za kazi kutoka kwa watu 238, wakakuta kwamba jambo lililojitokeza zaidi katika siku nzuri za kazi lilikuwa kusogea mbele katika kazi yenye maana kwa mtu, hata kusogea kidogo. Wiki nyingi zina kitu cha namna hiyo, ila kufika Jumapili mtu ameshakisahau.

Mambo haya huharibika kwa njia zinazojulikana. Mtu huanza na vipimo 12, wiki ya pili anachoka na kuacha vyote. Au hubadilisha kipimo katikati kwa sababu namba haikumpendeza. Badilisha mwisho wa wiki 12, si kabla. Au huchagua kipimo kinachoamuliwa na mtu mwingine: "kupandishwa cheo" hakifai, "kazi nilizokabidhi kwa wakati bila kurudishwa" kinafaa. La mwisho ndilo la hila zaidi. Kipimo kikishakuwa shabaha, mtu huanza kukidanganya. Mwanauchumi Charles Goodhart alilieleza jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha, lakini liko hata kwenye daftari la mtu binafsi. Ukijipa lengo la vitabu 20 kwa mwaka, utajikuta unachagua vyembamba. Ndiyo maana kila kipimo cha wingi kifungwe na cha ubora: vitabu 20, na kwa kila kimoja nusu ukurasa wa muhtasari ulioandika bila kukifungua.

Swali: Mimi ni fundi cherehani. Nilisoma mahali kwamba nijipime mwenyewe, nikawa naandika saa ninazotumia kushona suruali moja. Wiki ya kwanza: 6, 5, 7, 5, 6. Ya pili: 5, 6, 4, 5, 5. Ya tatu: 7, 4, 5, 6, 8. Baada ya ile 8 niliona narudi nyuma, nikaacha. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu fundi, daftari lako ni zuri. Umelisoma karibu mno. Ile 8 ni suruali moja, na suruali moja haisemi kama mtu amepanda au ameshuka.

Fanya hivi. Badala ya kuangalia ya mwisho, chukua kumi za karibuni, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uangalie zilizo katikati. Wiki ya kwanza na ya pili pamoja: 4, 5, 5, 5, 5, 5, 6, 6, 6, 7. Ya tano na ya sita zote ni 5, basi katikati yako ni saa 5. Sasa wiki ya pili na ya tatu: 4, 4, 5, 5, 5, 5, 6, 6, 7, 8. Katikati bado ni 5. Hukurudi nyuma. Umekaa palepale, na kwa suruali 15 hilo ndilo tu linaloweza kusemwa.

Kwa nini namba ya katikati na si wastani? Kwa sababu wastani huvutwa na siku moja mbaya. Wastani wa wiki yako ya pili ni 5, wa wiki ya tatu ni 6, na tofauti hiyo karibu yote imeletwa na zile suruali mbili za saa 7 na 8. Rudi uulize zilikuwa za namna gani. Kama zilikuwa za kitambaa kizito au zenye bitana, hazikupaswa kuandikwa safu moja na nyingine. Fungua safu mbili: za kawaida na zenye bitana. Fundi anayechanganya kazi tofauti kwenye safu moja hapimi mkono wake, anapima wateja waliokuja wiki hiyo.

Jambo jingine: baada ya siku mbaya sana, inayofuata mara nyingi huwa afadhali, baada ya siku bora kuliko zote, inayofuata mara nyingi hushuka. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliandikia jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao, na linahusu karibu kila kitu chenye kupanda na kushuka. Ukijigombeza baada ya siku mbaya utaona umepata nafuu, uamini kwamba ugomvi ndio uliosaidia. Haukusaidia. Namba ilikuwa inarudi kwenye kawaida yake.

Kanuni ya kutumia: usibadilishe utaratibu wa kazi mpaka namba ya katikati imekwenda upande mmoja mara tatu mfululizo. Na ongeza safu ya pili haraka: suruali ngapi zimerudishwa kurekebishwa. Kasi peke yake itakufundisha kushona haraka na vibaya.

Swali: Je, nifute mitandao ya kijamii? Nikiifungua najiona mimi tu ndiye nimekwama.

Jibu: Si lazima uifute, lakini jua hesabu iliyo nyuma ya hisia hiyo. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alieleza kwamba, kwa wastani, marafiki wa mtu wana marafiki wengi kuliko yeye mwenyewe. Sababu ni ya kihesabu tu: mtu mwenye marafiki 50 yumo kwenye orodha za watu 50, mwenye watatu yumo kwenye orodha tatu. Kila ukiangalia orodha yako unakutana zaidi na wale wenye marafiki 50. Mtandaoni ni vivyo hivyo, na kunaongezeka jambo moja: anayeandika mara kumi kwa siku unamwona mara kumi, aliyekwama kimya humwoni kabisa. Unachokiona si umati, ni kipande kilichochujwa mara mbili. Usione vyaelea, vimeundwa, na mtandaoni uundaji hauonyeshwi.

Kwa vitendo: pitia unaowafuata, watu 20 kwa siku moja. Kwa kila mmoja jiulize, kwa mwezi uliopita amenionyesha hatua yoyote ninayoweza kuifanya, au ni mtu wangu wa karibu ninayetaka habari zake? Kama yote mawili hapana, mnyamazishe; hatajua. Usifungue mitandao kabla ya zile dakika kumi za kusoma daftari lako, fungua baada yake.

Swali: Kazini tunapangwa kwa nafasi kila robo mwaka, wa kwanza hadi wa mwisho, na orodha inabandikwa. Nitaachaje kujilinganisha wakati mwajiri ndiye anayenilinganisha?

Jibu: Huwezi kuikimbia orodha, na bonasi ikiwa inategemea orodha hiyo ungekuwa mjinga kujifanya huioni. Unachoweza ni kuisoma kama inavyostahili. Nafasi ni namba inayobadilika hata wewe ukikaa vilevile. Ukitoka wa 6 kwenda wa 9, kuna mambo matatu yanayowezekana: umeshuka, wengine wamepanda, au kipimo kimebadilishwa. Nafasi yenyewe haikuambii ni lipi. Kwa hiyo kila orodha ikitoka, andika kwenye daftari lako namba yako halisi, si nafasi: kazi ulizokamilisha, malalamiko, muda wa kujibu wateja, chochote wanachopima. Baada ya robo nne utakuwa na mstari wako mwenyewe, na mstari huo ndio wa kwenda nao mbele ya meneja. Ukimwambia "malalamiko yalikuwa 14, sasa ni 5", mazungumzo yanakuwa na mahali pa kuanzia. "Mbona nimeshuka nafasi" ni lalamiko tu.

Kuhusu nafasi na furaha, kuna utafiti wa Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich wa mwaka 1995. Waliwaonyesha watu video za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992 wakati wa kupata matokeo na wakati wa kupokea medali. Waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa pili alimtazama wa kwanza. Wa tatu alitazama waliotoka mikono mitupu. Kati ya hao wawili, aliyeshinda zaidi ndiye aliyeonekana kuumia zaidi, kwa sababu tu ya upande alioutazama.

Lakini tusiwadanganye wasomaji: kuna mahali pa kulinganisha, tena kwa makusudi. Ukijadiliana mshahara, ukiomba nafasi yenye ushindani, ukipanga bei ya huduma yako, unahitaji namba za wengine. Fanya kama mnunuzi anayeulizia soko. Uliza watu watano hadi kumi wenye kazi kama yako na uzoefu unaokaribiana, andika ya chini, ya katikati na ya juu, weka tarehe, funga daftari. Kulinganisha kwa namna hii kuna swali, kuna mwisho. Kule kunakokuumiza hakuna swali na hakuishi.

Swali: Mwanangu alikuwa wa 5 darasani, muhula huu amekuwa wa 11. Dada yake hakuwahi kutoka tatu bora. Nimwambie nini?

Jibu: Mzazi, kabla ya kumwambia neno, angalia alama. Inawezekana kabisa wastani wake umepanda kutoka 61 hadi 66 na bado nafasi ikashuka, kwa kuwa darasa zima limepanda. Ukimgombeza hapo umemgombeza mtoto aliyeongeza alama tano.

Kisha achana na jumla, nenda kwenye mada. Chukua somo moja linalomsumbua, orodhesha mada zake za muhula, na mbele ya kila mada andika moja kati ya haya: anaweza peke yake, anaweza akisaidiwa, bado. Mpe zoezi fupi la maswali matano kwa kila mada ili usikisie. Manne au matano sahihi bila msaada ni "peke yake". Rudia baada ya wiki sita kwa maswali mapya ya ugumu uleule. Hifadhi karatasi zote zenye tarehe. Siku akisema "mimi sijui hesabu", mtolee ya mwezi wa kwanza na ya sasa azilinganishe mwenyewe.

Dada yake muache nje kabisa, hata kwa kusifu. Kama hamtaki mmoja aonekane mbumbumbu, msimtumie mwingine kama rula.

Swali: Mdogo wangu, tena wa fani moja na mimi, amenipita kwa kila kitu. Namwombea mema, lakini moyoni inaniuma. Mbona mafanikio ya watu baki hayaniumi?

Jibu: Kwa sababu watu baki hawako karibu nawe. Mwanasaikolojia Abraham Tesser, katika kazi aliyochapisha mwaka 1988, alieleza kwamba maumivu haya hukua mambo mawili yakikutana: aliyekupita ni wa karibu, na alichokupita ni jambo unalojitambulisha nalo. Mdogo wako angekuwa mwogeleaji hodari ungejivunia mbele za watu. Amefanikiwa katika fani yako, ndiyo maana. Kulijua hili kunapunguza aibu, na aibu ndiyo inayowafanya ndugu wakwepane.

Geuza maumivu yawe habari. Andika, kwa maneno mahususi, kitu gani hasa chake unakitaka. "Mafanikio yake" si jibu. Je, ni uhuru wa kupanga siku yake? Ni kazi za aina fulani anazopata? Ni heshima ya wazazi? Ukishalitaja, kama ni la kweli kwako, liingize kwenye yale maeneo manne na ulitafutie kipimo. Kama ni heshima ya wazazi, fedha na vyeo havitalileta. Hilo ni mazungumzo na wazazi. Halafu, na hili watu hulikwepa, muulize mdogo wako alifanyaje. Umkute na swali moja la kiufundi, si "umefanikiwaje" bali "mteja wako wa kwanza mkubwa ulimpataje". Mkubwa kumuuliza mdogo si kushuka.

Swali: Yote haya ni namba. Ndoa, imani, utu wema, vinapimwaje?

Jibu: Kwa maneno. Andika ngazi tano za jambo hilo kwa sentensi zako, ukianza na hali mbaya kabisa uliyowahi kuwa nayo. Kwa mfano, namna unavyogombana na mwenzi wako: ngazi ya kwanza, "tunanuniana siku tatu na hatulizungumzi tena", ya tatu, "tunarudiana siku hiyohiyo lakini kwa kupuuza chanzo", ya tano, "tunalizungumza, kila mmoja anaweza kueleza hoja ya mwenzake". Kila mwisho wa mwezi weka alama mlipo. Kwa ndoa, mwenzi wako aweke yake bila kuona yako. Zikitofautiana kwa ngazi mbili, tofauti hiyo ina habari kuliko alama zenyewe. Kuhesabu maua na zawadi hakusaidii, na kwa ibada kuhesabu peke yake huzaa majivuno haraka sana.

Swali: Mimi sijilinganishi na watu. Najilinganisha na mimi wa zamani, na ndiye anayenimaliza. Kabla ya kuugua nilikuwa natembea saa nzima bila kupumzika. Sasa dakika kumi zinanichosha. Ushauri wenu unanisaidiaje?

Jibu: Ushauri wa "jilinganishe na wewe wa jana" hutolewa kana kwamba jana siku zote ilikuwa chini. Kwa mgonjwa anayepona, mzazi mwenye mtoto mchanga, aliyefiwa, aliyepoteza kazi, au mtu anayezeeka, ambayo ni sisi sote, wa zamani ni mtu mwingine mwenye mwili mwingine na nafasi nyingine. Kumtumia kama kipimo ni kulekule kujilinganisha na jirani.

Fungua ukurasa mpya. Usifute wa zamani wala usiurefushe. Andika tarehe ya leo juu na uiite siku ya kwanza. Kwanza pata kwa anayekutibu mipaka ya kutembea: dakika ngapi, dalili zipi za kukusimamisha. Ndani ya mipaka hiyo, rekodi wiki mbili bila kujisukuma. Halafu weka kiwango unachokiweza hata siku mbaya. Kama siku nzuri ni dakika 10 na mbaya ni 6, anza na 6. Kosa la kawaida ni kuanza na 10, kuzidisha siku moja ya furaha, kisha kulala siku tatu. Hesabu ya wiki inaweza kuwa ndogo kuliko ya anayekwenda 6 kila siku, ambaye ana dakika 42. Ongeza dakika moja tu pale wiki nzima ilipopita bila kuvunjika.

Kipimo chako kikuu kisiwe dakika. Kiwe hiki: ukikatika, inakuchukua siku ngapi kurudi? Mwezi wa kwanza inaweza kuwa siku nane, wa tatu siku mbili. Hicho ndicho kinachoonyesha nguvu ya mtu ambaye mwili wake haumtii kila siku, na ugonjwa hauwezi kukigeuza kuwa lawama, kwa sababu siku za kulala zimeshahesabiwa ndani yake.

Na usihofu kwamba siku moja ya kukosa inaharibu kila kitu. Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Muda wa katikati kufikia hali ya kufanya jambo bila kujilazimisha ulikuwa siku 66, ila kati ya mtu na mtu makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuathiri sana. Kwa hiyo ukisikia fulani alizoea ndani ya wiki tatu na wewe uko mwezi wa sita, bado umo ndani ya kawaida. Siku ukikosa, andika "sikwenda" na sababu kwa neno moja: maumivu, mvua, usingizi, woga. Baada ya mwezi hesabu maneno hayo. Yakiwa mengi ni "maumivu", peleka orodha kwa anayekutibu. Yakiwa mengi ni "woga", tafuta mtu wa kutembea naye kwa wiki mbili za mwanzo, na kwenye daftari andika siku ulizokwenda naye na siku ulizokwenda peke yako, kila moja kwenye safu yake.